Darsa la Ramadhani, siku ya 18: Ndugu Anayekushikia Nyumba ya Urithi



Najua wengi mnaisoma hii ndani ya basi mkirudi kazini, au jikoni sambusa ziko motoni, basi tusizunguke.

Jana tulimaliza mafungu ya mirathi. Baada ya tarawehe maswali yaliyokuja karibu yote yalikuwa na sura moja: "Ustadh, mafungu tumeyafahamu. Lakini nyumba ya baba iko Mombasa, mimi niko huku Uingereza mwaka wa ishirini sasa, na kaka anasema nimtumie karatasi yenye saini yangu ili ashughulikie mambo. Nimtumie?"

Mtumie, ikiwa unamwamini. Dini haikuzuii. Ila kwanza ujue unamtumia nini, kwa sababu ndugu wengi hawaachani kwenye mafungu, wanaachana hapa kwenye karatasi.

Hati ya wakala, ile wengi tunayoiita pawa ya atoni, ni karatasi ya ruhusa. Mwenye mali anasema: fulani anaweza kufanya jambo hili na hili kwa niaba yangu. Basi. Fungu lako halihami. Ndugu yako akipokea kodi kwa hati ile, amepokea kodi yako. Akiuza kwa hati ile, ameuza mali yako na pesa ni zako, awe amekutumia au hajakutumia. Kwa lugha ya fiqhi, mkono wa wakala ni mkono wa amana, na amana ndiyo iliyotajwa katika Suratun Nisaa aya ya 58, ambapo Allah ametuamrisha kuzirudisha kwa wenyewe.

Uwakala wa mbali si jambo geni katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alipomuoa Ummu Habiba, bibi huyo alikuwa Uhabeshi, ng'ambo ya bahari. Wanavyuoni wanataja kuwa aliyesimama kwa niaba yake katika ndoa ile ni Amr bin Umayya Adh-Dhamri. Ikiwa ndoa imefungwa kwa wakala ng'ambo ya bahari, kukusanya kodi ya nyumba ya Majengo hakushindikani.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi katika mlango huu ni ya Urwa Al-Bariqi, nayo iko katika Sahihi Bukhari. Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akaenda sokoni, akapata kondoo wawili kwa dinari ileile. Mmoja akamuuza kwa dinari. Akarudi na kondoo na dinari mkononi, na Mtume akamuombea baraka katika biashara yake.

Sasa itazameni vizuri. Faida ile ilitoka kwenye ulimi wa Urwa mwenyewe, yeye ndiye aliyepatana bei. Angeweza kusema: kondoo wako huyu hapa, uliagiza mmoja, na hii dinari ni nauli yangu. Nani angejua? Akarudisha vyote viwili. Hakungoja aulizwe.

Tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini naona mtautambua. Mzee amefariki Mombasa. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, watoto wawili wa kiume na binti watatu. Mke anapata thumni, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Hesabu hii inatoka vizuri sana: ukiifanya nyumba vipande vinane, mama ana kimoja, kila binti kimoja, kila mtoto wa kiume viwili. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba vinane, tuseme kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Jumla 40,000. Binti aliyeko Leicester ana haki ya shilingi 5,000 kila mwezi kabla ya gharama, 60,000 kwa mwaka. Miaka tisa ikipita ni shilingi 540,000.

Kaka mkubwa aliyebaki nyumbani ndiye anayekusanya. Kila akiulizwa anasema kulikuwa na paa, kulikuwa na choo, kulikuwa na bili ya maji. Inawezekana ni kweli tupu. Mabati ya karibu na bahari yanaliwa na chumvi, nani hajui? Lakini daftari hakuna, risiti hakuna, na dada anaona haya kuuliza. Anakaa na lake moyoni miaka tisa. Siku anauliza, anauliza kwa hasira, tena kwenye grupu la familia mbele ya watoto na wakwe. Kaka naye anajibu: mimi ndiye niliyemuuguza mama, nyinyi mlikuwa wapi? Na hilo nalo ni kweli. Udugu umevunjika hapo, na hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa nia ya kudhulumu.

*Karatasi tatu zinazofanana*

Kuna jambo watu wanalirukia. Mzee akifa, nyumba bado iko kwa jina lake. Kabla ya mambo ya wakala, warithi wanakwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo kule Kenya inatambuliwa na ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, warithi wanatajwa mmoja mmoja, mafungu yanaandikwa, na msimamizi wa mirathi anawekwa. Mpaka hapo kaka hana cha kuuza, hata hati yako iwe na mihuri kumi. Wakala hawezi kufanya jambo ambalo wewe uliyemtuma huliwezi.

Kwa hiyo karatasi utakayotumiwa usaini inaweza kuwa moja kati ya tatu. Inaweza kuwa ridhaa yako kwamba fulani awe msimamizi wa mirathi. Inaweza kuwa hati ya wakala. Na inaweza kuwa karatasi inayosema umeliachia fungu lako. Zote zina jina lako, zote zina nafasi ya saini chini, na zote zikiletwa kwa simu saa tano usiku na maneno "dada saini upesi, karani anasubiri", zinafanana. Hazifanani kabisa. Ya kwanza inampa kaka kazi ya kugawa. Ya pili inampa ruhusa. Ya tatu inakutoa kwenye nyumba.

Hiyo ya tatu si haramu kwa asili yake. Mrithi anaweza kuwaachia wenzake, au kukubali kitu maalumu badala ya fungu lake. Lakini ajue anaachia nini na thamani yake, na aridhike kweli. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kwamba mali iliyochukuliwa kwa mtu kwa sababu ameona haya, hukumu yake ni kama iliyoporwa. Ndugu zangu wanaume, hapa nasema na nyinyi. Dada yako aliyesema "chukueni tu" huku amezungukwa na wajomba siku ya tatu ya msiba, hajatoa kitu. Mpe nafasi. Mwache arudi kwake, mtumie karatasi, mwambie fungu lako ni hili na thamani yake ni hii, kisha mngoje. Akisamehe baada ya hapo amesamehe. Na mnakumbuka onyo katika hadithi sahihi kwa anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma, kwamba atafungwa nayo shingoni kutoka ardhi saba. Shubiri moja. Sisi tunazungumzia chumba kizima.

*Ndani ya hati iandikwe nini*

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi mtu asikwambie "baina yetu ndugu hakuna haja ya kuandika". Kuandika ni kumlinda yeye pia. Siku mke wake, watoto wake au ndugu wengine watakapomsema, ataitoa ile karatasi.

Hati mbaya ni ile inayosema "mambo yangu yote". Zinauzwa hivyo zimeshachapwa, unajaza jina tu. Usiitumie. Itaje nyumba ipi, iko wapi, kwa namba yake ya usajili. Itaje kazi: kukusanya kodi, kulipa ushuru wa kaunti, kumwita fundi kwa gharama isiyozidi kiasi fulani bila kukuuliza, kusimama kwa niaba yako mahakamani. Kuuza usikuweke humo. Ikifika siku ya kuuza, andika hati nyingine ya kuuza tu, yenye bei ya chini kabisa unayoikubali na akaunti pesa zitakakoingia.

Fiqhi yetu imeshaziba mianya mingi, na ajabu ni kwamba watu hawaijui. Kwa Mashafi, wakala aliyeambiwa "uza" bila maelezo haruhusiwi kuuza kwa bei ya hasara iliyo wazi, haruhusiwi kuuza kwa mkopo, na haruhusiwi kujiuzia mwenyewe. Huyo kaka anayesema "nimejinunulia mimi kwa bei ya soko, hela zenu hizi" hajanunua kitu, hata bei ikiwa nzuri, mpaka nyinyi wenyewe mmuuzie. Pia hampi mtu mwingine uwakala wako bila idhini yako kwa kazi anayoiweza mwenyewe. Umemtuma kaka, hukumtuma shemeji wa kaka.

Halafu wekeni muda na hesabu. Mwaka mmoja au miwili, kisha mwaandika upya. Hesabu kila miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, picha za risiti. Hili likianza mwezi wa kwanza ni kawaida. Likianza mwaka wa tisa ni tuhuma.

Kuhusu saini, ukiwa huku usisaini mezani kwako na jirani awe shahidi. Nenda kwa notari, mwanasheria anayethibitisha hati za kutumika nje ya nchi, ukiwa na pasipoti. Ikifika Kenya, hati ya wakala inayohusu ardhi inatakiwa isajiliwe kwa msajili wa ardhi chini ya sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012. Ukija kuifuta, kule kufuta nako kupelekwe kukasajiliwe, na umjulishe kaka kwa maandishi, na wapangaji pia. Usimtumie ujumbe wa sauti wa kununa ukadhani umefuta.

Wengine wanalalamika kuwa mihuri hii ni ukiritimba wa wazungu. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir, kwamba alipotaka kusafiri kwenda Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwambia aende kwa wakala wake huko akachukue wasaki 15 za tende, na akitakiwa alama, aweke mkono wake kwenye mtulinga wa huyo wakala. Yaani baina ya Mtume na wakala wake palikuwa na alama waliyoafikiana, ili asitokee mtu akasema tu "nimetumwa". Muhuri wa notari unafanya kazi hiyohiyo.

Neno kidogo kwa wenye asili ya Mombasa hasa. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ni nyumba bila ardhi: mzee alijenga, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi analipwa mwenye kiwanja. Ikiwa yenu ni hivyo, mmerithi nyumba na hamkurithi kiwanja. Hati isiseme vingine. Na ile kodi ya kiwanja iwe ya kwanza katika orodha ya anayoyalipa wakala, kwa sababu deni lake likilimbikizana mtajikuta mnagombania kuta.

*Mlipeni*

Sasa upande wa kaka, maana hii si darsa ya kumshitaki. Sisi huku tuna tabia ya kumuona aliyebaki nyumbani kama aliyepata bahati ya kuishi karibu na mali. Yeye ndiye anayeamshwa usiku bomba likipasuka. Yeye ndiye anayekwenda mahakamani mara sita kwa kesi ya mpangaji mmoja asiyelipa. Yeye ndiye anayetajwa mtaani kuwa anakula mali ya ndugu zake hata kama hali. Uwakala kwa malipo unajuzu, mradi malipo yajulikane. Kaeni mpatane, kiasi fulani kwa mwezi au sehemu ya kodi, kiandikwe. Mimi naona familia inayokataa kumlipa wakala inamtengenezea njia ya kujilipa mwenyewe kimyakimya, na akishaanza kujilipa kimyakimya hajui tena pa kusimama.

Na akipoteza kitu bila uzembe wala kuvuka mipaka, halipi. Kaibiwa kodi njiani akiwa anakwenda benki kama kawaida yake? Ni msiba wenu wote. Kaikopesha kwa rafiki yake bila kuwauliza? Analipa.

*Inakufa lini*

Hati ya wakala inakufa na mwenye mali. Hapa sheria za kule na fiqhi zinasema neno moja. Turudi kwenye mfano wetu: mama naye alimpa kaka hati juu ya thumni yake. Mama akafariki. Kuanzia saa ile kaka si wakala wa mama tena, na thumni ile ni mirathi mpya. Ikiwa warithi wake ni watoto hawa watano tu, nyumba sasa inakuwa vipande saba: kila binti kimoja, kila mtoto wa kiume viwili. Kaka akiendelea kuitumia hati ya mama, hata kwa nia njema ya kulipia mazishi, anatumia karatasi iliyokufa.

Inakufa pia mwenye mali akipoteza akili. Hili linawagusa wenye wazazi wazee hapa. Kuna hati ya Uingereza, hii ya kudumu, iliyoanza 2007, ambayo mtu anaiandika akiwa mzima ili mtoto wake amsimamie akija kupoteza kumbukumbu. Ni nzuri kwa benki na nyumba za hapa. Usidhani utaibeba mpaka Mombasa ukauze shamba la mama nayo. Mambo ya ardhi ya kule yashughulikieni kule, mama akiwa bado na fahamu zake, na yeye mwenyewe akitaka.

Suala la uraia nalipitia haraka. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mliochukua pasipoti ya hapa kabla ya 2010, mkapoteza ya Kenya, jueni kuwa mliozaliwa raia wa Kenya mnaweza kuomba kurudishiwa uraia wenu. Fanyeni hivyo kabla ya kuhangaika na hatimiliki. Ndugu zetu wa Zanzibar na Tanzania Bara wana mlango mwingine: Zanzibar mirathi ya Waislamu inapitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kwa asiye raia ardhi ina masharti mazito pande zote mbili. Tafuteni mwanasheria wa kule, si wa hapa.

Kuna aliyeuliza jana, nyumba imeshauzwa, naye hakusaini chochote, afanye nini? Kwa madhehebu yetu, anayeuza mali ya mwenzake bila idhini, mauzo yake katika fungu la mwenzake ni batili. Maimamu wengine wanasema yanasimama yakingoja mwenyewe akubali au akatae. Kwa vyovyote vile haki yako haijapotea. Anza na kaka, umwite peke yake, umuulize hesabu kwa adabu, ukiwa na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na wote. Mpe muda maalumu. Usipopata jibu, nenda kwa Kadhi. Kumpeleka ndugu kwa Kadhi si kukata udugu. Kadhi yuko kwa ajili hiyo.

La mwisho, kwa kuwa ni mwezi wa watu kutoa zaka. Kodi yako iliyolala kwa kaka ni mali yako, kwa sababu ameishika kwa niaba yako. Ikifikia nisabu pamoja na akiba yako nyingine na mwaka ukapita, ina zaka, na zaka hiyo iko juu yako wewe. Kaka hawezi kuitoa kwa ajili yako mpaka umwakilishe na hilo pia. Basi leo baada ya futari mpigie. Mwombe akwambie kuna shilingi ngapi, na umwambie ni kwa ajili ya zaka, maana ni kweli ni kwa ajili ya zaka. Daftari nyingi zinaweza kufunguliwa kwa njia hii bila mtu kukasirika.

Kesho inshallah tutaangalia wasia na mipaka ya theluthi. Wenye hati wanazotaka kusomewa kabla ya kusaini, waje nazo Jumamosi baada ya Alasiri, maktaba ya msikiti, upande wa wanawake pia patakuwa na mtu. Tafadhali msizitume humu kwenye chaneli, zina namba za pasipoti zenu.

Wabillahi tawfiq.